Kengele ya Saa Sita Usiku

Walianza kumwita Sindano akiwa msichana wa shule ya msingi, kwa sababu ya wembamba wake. Baadaye jina likapata sababu nyingine: angeweza kutazama ukurasa mzima wa hesabu na kidole chake kikaenda moja kwa moja pale palipokosewa. Alipokuwa mtu mzima na kuajiriwa kuandika programu za simu, jina lilimfuata hadi ofisini, na huko hakuna aliyeona ajabu, maana nusu ya kazi yenyewe ni kuwinda makosa.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la magodoro. Walikuwa watatu tu. Bosi alikuwa mfamasia zamani, na bado alisoma kila karatasi kwa kuisogeza mbali na uso, kama mtu anayesoma kibandiko cha chupa. Wa pili alikuwa mchoraji wa skrini, waliyemwita Rangi, mtu wa maneno mengi ambaye angeweza kubishana asubuhi nzima juu ya upana wa kitufe. Wa tatu ndiye Sindano. Kwa pamoja walikuwa wametengeneza programu ya kuwakumbusha wagonjwa dawa zao. Mgonjwa anaandika dawa, anachagua saa, na saa ikifika simu inalia. Chini yake kuna kisanduku cha kuandika hali ya siku, ili mtu akirudi kwa daktari asiseme "naendelea vizuri" kwa aibu, huku ameshasahau alivyogaagaa wiki nzima.

Kitu ambacho Sindano alijivunia kuliko vyote kilikuwa saa. Programu nyingine zilimtaka mgonjwa achague saa kumi na tisa badala ya saa moja usiku, akabaki anahesabu vidole. Sindano alikaa siku mbili akaandika kipande cha msimbo kinachoelewa saa kama watu wanavyozisema: saa moja asubuhi, saa nane mchana, saa tano usiku. Bosi alikisifu mbele ya wageni. Rangi alisema hicho ndicho kitu pekee ndani ya programu ambacho mama yake mzazi alikielewa bila kumpigia simu.

Basi siku moja akapiga simu nesi wa zahanati mojawapo inayoitumia programu, mama asiyejua kupamba maneno.

"Hicho kitu chenu kinazimika," alisema.

"Kinazimika vipi, sista?"

"Mimi nitajuaje? Wagonjwa wanasema unakifungua, unabonyeza, kinaondoka."

"Kwenye simu za aina gani?"

"Za kupigia," alijibu nesi, akakata.

Sindano aliijaribu kwenye simu yake, ya Rangi na ya Bosi. Aliweka dawa za asubuhi, za mchana, za usiku wa manane. Kila kitu kilikwenda kama maji. Alijaribu tena kesho yake, akaambulia patupu.

"Watu elfu mbili wanaitumia, amelalamika nesi mmoja," alisema Bosi. "Labda ni simu za watu tu."

"Bosi, mtu programu ikimsumbua halalamiki. Anaifuta, anaendelea na maisha yake. Sisi hapa hatuoni kitu. Ikianguka kwenye simu ya mtu, imeanguka huko huko."

Akaomba wiki moja. Alichotaka ni kuweka ndani ya programu kitu cha kutoa taarifa. Programu ikianguka, kabla haijakata roho, iandike ilikuwa inafanya nini, katika mstari gani wa msimbo, kwenye simu ya aina gani; mtu akiifungua tena, taarifa hiyo itumwe ofisini. Pamoja na taarifa aliweka kumbukumbu za hatua: mtu alifungua ukurasa upi, alibonyeza nini, aliandika nini kwenye kile kisanduku, hata siku za nyuma, kila kitu na saa yake. Ilikuwa kazi nzuri, na aliifanya kwa moyo.

Rangi, kikombe mkononi, alisimama nyuma ya kiti chake akasoma ile mistari.

"Mpaka wanachoandika?"

"Labda kuna herufi inayoiangusha. Au mtu anaandika maneno marefu mno. Nisipoyaona sitajua."

"Na hii hapa?"

"Namba ya simu. Nijue kama ni watu mia walioangukiwa mara moja, au ni mtu mmoja aliyeangukiwa mara mia."

"Si uwape namba za kubuni tu?"

"Ni ya wiki mbili tu, Rangi. Nikilipata kosa nafuta kila kitu."

Rangi aliinua mabega akaenda zake. Ukweli ni kwamba namba za kubuni zingemchukua Sindano saa mbili za ziada, na siku hiyo alikuwa hoi. Alijiambia kwamba mtu wa kuziona ni yeye peke yake, na yeye hana shida na maisha ya watu.

Toleo jipya lilitoka Jumatatu. Jumanne ilipita kimya. Jumatano asubuhi alipofungua kompyuta alidhani mashine imekosea kuhesabu. Programu ilikuwa imeanguka mara mia moja themanini na saba, kwenye simu arobaini na moja.

Alisoma taarifa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zote zilinyooshea kidole mstari mmoja. Alipoufungua mstari huo, aliutambua: ulikuwa ndani ya kile kipande chake cha saa.

Saa sita usiku, kwa hesabu ya mashine, ni sifuri. Siku mpya imeanza. Msimbo wa Sindano ulichukua saa za usiku ukaziongezea kumi na nane, na jibu likizidi ishirini na nne, ukaondoa ishirini na nne. Saa saba usiku ilitoa ishirini na tano, ikarudi kuwa moja, sawasawa. Lakini saa sita usiku ilitoa ishirini na nne kamili, na ishirini na nne haizidi ishirini na nne. Ikabaki hapo hapo, saa ambayo haipo. Simu mpya kama za pale ofisini zililimeza kosa hilo na kulifanya sifuri kimyakimya. Simu za zamani zililikataa, programu ikaanguka. Kilichopungua kilikuwa alama moja tu ya "sawa na".

Kama ingekuwa kuanguka tu, angejicheka. Lakini aliendelea kusoma, na kila alivyosoma ndivyo ilivyozidi kuwa mbaya. Kila mgonjwa alipobonyeza Hifadhi, programu ilifuta kengele zake zote ili izipange upya. Ilizipanga moja moja. Ikifika ile ya saa sita usiku, inaanguka, na zile zilizofutwa hazirudi. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na dawa ya kila baada ya saa sita hakupoteza kengele ya usiku peke yake. Alipoteza zote, ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, bila kuambiwa neno.

Sindano alishika tama. Kisha akaanza kufungua taarifa za watu mmoja mmoja, ajue ni dawa gani walizokosa. Kwenye ya sita aliona namba ya simu ambayo aliijua kabla hajajua namba nyingine yoyote duniani. Ilikuwa ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa fundi wa kuchomelea. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma, yote hayo yalipita mikononi mwake. Baba yao alipofariki, Sindano alikuwa darasa la tano na kaka kidato cha pili. Kaka alivua sare siku ya Ijumaa, Jumatatu akaingia karakana ya watu, na hakurudi tena shule. Sindano ndiye aliyesoma kwa niaba ya wote wawili; hivyo ndivyo kaka alivyopenda kusema, akicheka, kila alipotambulishwa kwa mtu mgeni.

Chini ya hatua alizobonyeza, yalikuwepo maneno yake, tarehe kwa tarehe.

"Matone jicho la kulia. Bado linauma. Kengele ya mchana haikulia, nimesahau."

"Ukungu umezidi. Mama watoto nimemwambia ni vumbi."

"Leo nimeona mageti mawili, na lililopo ni moja. Sindano asijue."

Aliifunga ile taarifa haraka, kama mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mtu anavaa. Halafu, huku akiuchukia mkono wake mwenyewe, akaifungua tena akasoma kwa mara ya pili.

"Umesawijika," alisema Rangi.

"Natoka kidogo."

"Bosi akiuliza?"

"Mwambie nimelipata kosa."

Njiani alipanga uongo. Angesema alikuwa anapita. Angeliona jicho, angeshtuka, angesema twende hospitali sasa hivi, na mambo yangeishia hapo bila kaka kujua lolote. Karakana ilikuwa ua ulioezekwa mabati nusu, kati ya fundi wa pikipiki na duka la misumari. Kaka alikuwa amevaa miwani nyeusi ya jua, si ile ya kazi, na alikuwa anajaribu kulenga msumeno kwenye alama ya chaki. Alikiinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje, akakosa, akalenga tena.

"Umefukuzwa kazi?" alimtania alipomwona. "Mchana wote huu unazurura?"

"Shikamoo, kaka. Napita tu."

"Marahaba. Wewe tangu uzaliwe hujawahi kupita tu."

"Vua miwani nikuone."

"Jua kali."

"Tuko kivulini."

Kaka aliweka msumeno chini. "Una nini leo?"

"Kaka, najua kuhusu jicho."

"Shemeji huyo mwenye mdomo," alisema kaka, akimaanisha fundi pikipiki, ambaye alikuwa ndugu wa mkewe. "Au mama watoto kakwambia? Ni vumbi tu, nimeshamweleza."

"Wifi hajaniambia kitu. Na si vumbi. Vumbi ni vile ulivyomwambia yeye."

Hapo kaka aligeuka akamtazama sawasawa. Palikuwa na pikipiki inayonguruma upande wa pili wa ukuta, wakasubiri hadi ikanyamaza.

"Hayo," alisema polepole, "sijamwambia binadamu yeyote. Niliyaandika kwenye simu yangu."

"Ndiyo, kaka."

"Yamekufikiaje?"

Uongo wote aliokuwa ameupanga ulimyeyuka mdomoni. Alimweleza. Alimweleza juu ya kuanguka kwa programu, taarifa zinazotumwa, kumbukumbu za hatua, namba za simu. Kaka alisikiliza bila kumkatiza, mikono imening'inia.

"Kwa hiyo niliandika kwa ajili ya daktari, ukasoma wewe."

"Sikujua kama upo humo."

"Ningekuwa mtu mwingine, ungesoma?"

Sindano alikuwa ameshasoma ya watu watano kabla yake.

"Kuna jingine," alisema. "Kengele hazikulia kwa sababu yangu. Kosa ni langu mimi, mkono wangu huu. Ulipoweka matone ya saa sita usiku, zote zikafutika."

Kaka alikaa juu ya kitanda cha chuma ambacho hakijapakwa rangi. Alivua miwani. Jicho la kulia lilikuwa jekundu, na katikati ya mboni palikuwa na doa la kijivu kama tone la maziwa.

"Nilidhani simu yangu ni mbovu," alisema. "Kipande cha chuma kiliniruka jichoni. Nesi aliponiambia niandike saa za matone ukutani, nilimwambia hakuna haja. Nikamwonyesha simu. Nikamwambia, hii kaitengeneza mdogo wangu." Alivaa miwani tena. "Rudi kazini."

"Sirudi. Twende hospitali."

"Nimesema rudi kazini."

Hakumpandishia sauti, na hilo ndilo lililomuumiza Sindano zaidi. Alirudi akiwa anatembea kama mtu aliyepigwa na jua.

Aliyempeleka kaka hospitali ya macho kesho yake asubuhi alikuwa wifi. Sindano alimpigia akamwambia yote, na wifi hakungoja maelezo yaishe. Sindano aliwafuata huko, wakakaa watatu kwenye benchi la ukumbi wa kungojea, wifi katikati kama mwamuzi wa mchezo.

"Nyinyi kweli mmetoka tumbo moja," alisema bila kumtazama yeyote. "Mmoja anaficha, mwingine anachungulia. Na mimi niliyelala naye kitanda kimoja naambiwa vumbi."

Kaka alicheka kidogo puani.

Daktari alimulika jicho muda mrefu. Alisema kioo cha jicho kimepata kidonda, kidonda kimeacha kovu, na kovu limekaa mbele kabisa ya mboni. Jicho hilo litaona mwanga na vivuli, litajua kama mtu anapita mlangoni, lakini halitasoma wala kulenga. La kushoto lilikuwa zima. Kuanzia sasa asichomelee bila kinga hata dakika moja, na matone mengine atayatumia kwa miezi mingi.

Kaka alipotoka, Sindano alibaki nyuma.

"Daktari, kama angeweka matone yote kwa wakati?"

Daktari alikuwa ananawa mikono. "Wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake."

"Chuma kilikaa siku nne kabla hajaenda zahanati. Halafu akakosa matone. Halafu akaendelea kuchomelea. Yote hayo yamechangia. Ukitaka nikugawie kila moja sehemu yake, sina mizani ya kupima hivyo."

Sindano alishukuru akatoka. Angependelea aambiwe ni yeye, au aambiwe si yeye.

Ofisini alirekebisha kosa kwa muda mfupi kuliko wa kunywa chai. Aliongeza ile alama, akafanya kengele mpya zipangwe kwanza ndipo za zamani zifutwe, akajaribu kwenye simu kuukuu aliyoazima kwa muuza magodoro wa chini. Ililia. Bosi alifurahi hadi akapiga meza.

"Basi tumemaliza. Litoke leo leo."

"Hatujamaliza. Kuna watu arobaini na mmoja ambao hawajui kama kengele zao zimekufa. Lazima tuwapigie."

Furaha ilimtoka Bosi usoni. "Tuwapigie tuseme nini? Kwamba tumewakosesha dawa? Kesho zahanati zote zitatukimbia."

"Wengine wanameza dawa za moyo, Bosi."

"Toleo jipya litawafikia."

"Litawafikia wale ambao hawajaifuta. Na aliyeamini kengele ambayo hailii, anajuaje kwamba amekosa?"

Bosi alisimama, akaenda dirishani, akarudi nyuma ya kiti cha Sindano. Macho yake yakatua kwenye skrini, kwenye maandishi ya wagonjwa. Aliinama akasoma mistari miwili mitatu, na Sindano akaiona sura yake inabadilika.

"Haya kumbe yana faida," alisema. "Mtu anaeleza anavyojisikia, siku kwa siku. Zahanati zingeyapenda sana haya. Watengeneza dawa je?"

"Hayo nayafuta."

"Huwezi kufuta mali ya kampuni."

"Si mali yetu. Niliyachukua bila kuomba. Kosa la saa nililifanya bila kujua, lakini hili nililifanya macho makavu, Rangi ananiuliza na mimi namjibu."

Rangi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alitazama chini bila kuongeza neno.

"Bosi," alisema Sindano, "ulipokuwa kwenye duka la dawa, mtu akija kununua dawa ya ugonjwa wa aibu, ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naifunga kwenye karatasi ya kaki," alisema Bosi. "Na simtazami usoni." Akavuta kiti. "Nipe namba kumi na tatu. Nyingine gawaneni."

Kwa hiyo zile namba ambazo Sindano hakupaswa kuwa nazo zikawa ndiyo njia pekee ya kuwafikia watu. Aliliona hilo, na halikumpa raha yoyote. Walipiga simu siku mbili. Mzee mmoja alicheka sana, akasema alishaifuta programu zamani, siku hizi anaamshwa na jogoo wa jirani, na jogoo hajawahi kuzimika. Mama mmoja alishukuru akataka kujua kama ameze zote alizokosa kwa mpigo. Sindano alimpa Bosi simu upesi. Kijana mmoja wa chuo aliuliza swali moja tu.

"Namba yangu umepewa na nani?"

"Ilikuja na taarifa za programu."

"Na nilichoandika je?"

"Nacho kilikuja. Nakifuta leo."

"Umekisoma?"

"Chako sijakisoma."

"Nitajuaje?" Kijana akakata.

Simu ya kumi na moja ilipokelewa na mwanamke. Sindano aliomba kuongea na mwenye simu.

"Mwenye simu tumemzika juzi," alisema yule mwanamke. "Mimi ni binti yake. Ulikuwa unataka nini?"

Sindano alitazama karatasi yake. Palikuwa na nafasi ya kusema pole na kukata, na yule mwanamke asingejua kitu maisha yake yote.

"Poleni sana," alisema. "Nilikuwa nimpe taarifa kwamba kengele zake za dawa zilikuwa hazilii. Kosa ni la programu yetu. Nilitaka kumwomba radhi."

Upande wa pili mtoto alikuwa anaita kwa mbali.

"Alikuwa na saratani," alisema yule mwanamke. "Dawa zenyewe zilikuwa za maumivu tu. Kila baada ya saa sita." Akavuta pumzi. "Mwisho mwisho alikuwa analia usiku. Tukadhani dawa imezidiwa."

"Samahani, dada."

"Tukadhani imezidiwa," alirudia, kama anayejieleza mwenyewe, na simu ikakatika.

Sindano alitoka akaenda kusimama kwenye ngazi. Kule chini wauzaji walikuwa wanashusha magodoro kutoka kwenye lori, wakiyabeba vichwani wawili wawili na kutaniana. Alilia hapo akiwa amesimama, bila kujificha, mpaka Rangi akaja akakaa kwenye ngazi ya juu yake. Rangi hakusema lolote la kufurahisha. Alisema, "Zilizobaki nitapiga mimi," akaichukua ile karatasi.

Jioni ile ile walifuta yote, maandishi na namba. Wiki iliyofuata Sindano alikitengeneza upya kile kitu cha taarifa. Sasa kilituma mstari ulioanguka, aina ya simu, na vitufe vilivyobonyezwa. Maneno ya mtu hayakutoka tena kwenye simu yake, na badala ya namba palikuwa na herufi za ovyo ambazo hata yeye asingeweza kuzirudisha kuwa mtu. Mwanzoni kabisa aliweka ukurasa wa kuomba ruhusa. Aliuandika mara nyingi, akifuta, hadi ukawa mistari minne ambayo mtu yeyote angeielewa: programu ikianguka tungependa kujua ilianguka wapi, hatutaona jina lako, namba yako wala ulichoandika, ukikataa, kengele zako zitalia vilevile. Chini yake, Kubali na Sikubali, vitufe vyenye upana sawa. Zahanati tatu ziliacha kuitumia. Nane zilibaki, ikiwemo ya yule nesi, aliyesema hajawahi kupigiwa simu na mtu wa kompyuta anayekiri kosa, na hatarajii kupigiwa tena.

Kaka alirudi karakana baada ya mwezi, akiwa na ngao ya uso. Kazi za kulenga kwa macho zilimchukua muda mara mbili, na za urembo, yale maua ya chuma ya juu ya mageti, alimpa jirani. Kwa Sindano hakununa. Alipokea salamu, alikula naye Jumapili, aliuliza habari za kazi. Ila mambo yake mwenyewe hakumwambia tena, hata madogo. Sindano akimuuliza amelalaje, anajibu "salama", na hapo mlango unafungwa.

Siku moja wifi alipiga simu.

"Nimemwekea ile programu mpya. Lazima ajue saa za matone, mimi siwezi kumkimbiza kila siku."

"Asante, wifi. Amekubali?"

"Kuwekewa, ndiyo. Ila palipotokea ule ukurasa wako wa ruhusa nilimsomea. Akanirudisha, akasema soma tena, taratibu. Nikasoma. Akaichukua simu mwenyewe, akaisogeza kwenye jicho zima, akabonyeza Sikubali."

Sindano alisema sawa.

"Nikamuuliza, sasa ikizimika? Akasema, ikizimika nitampigia mwenyewe."

Miezi sita baadaye Sindano alikuwa anapitia taarifa za asubuhi, kama kawaida yake. Zilikuwa mbili tu. Moja ilitoka kwenye simu kuukuu, ya aina ile ile aliyo nayo kaka yake, mtu fulani aliyebonyeza Hifadhi mara mbili kwa haraka. Isingeweza kuwa ya kaka, zake hazitumwi. Lakini kama programu imeanguka kwenye simu hiyo, na kwenye ya kaka inaweza kuanguka vilevile, na yeye hatajua. Aliivuta simu yake, akaitafuta namba ya kaka, akakaa nayo mkononi. Kisha akaiweka mezani kifudifudi, akafungua msimbo, na ilipofika saa tano asubuhi alikuwa amesharekebisha na toleo jipya limetoka.

Hakupiga. Kaka naye, hadi leo, hajapiga.